F/A-18C Hornet ya DCS World: inafaa kwa mnunuzi wa Tanga?

Moduli ya F/A-18C Hornet, yaani ndege ya kivita ya kuongeza kwenye DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani, inauzwa dola 79.99 kwa bei kamili. Ukiigeuza kuwa shilingi, hiyo ni hela ambayo hapa Tanga mtu huifikiria mara mbili kabla ya kuitoa kwa kitu kisichoshikika mkononi. Jibu la haraka: inastahili bei hiyo, na kati ya ndege za kivita za kisasa zilizomo DCS World ndiyo ya kuanza nayo. Ila iwe kitu cha mwisho kununua. Wanaoanza na moduli, halafu ndiyo wanatafuta RAM na fimbo ya kurushia (joystick), huishia kuilaumu ndege isiyo na kosa.

DCS World yenyewe hailipiwi. Ni kazi ya Eagle Dynamics. Unaipakua bure na ndani unakuta ndege mbili, Su-25T na TF-51D, pamoja na ramani za Caucasus na visiwa vya Mariana. Kinachouzwa ni moduli: kila ndege kivyake, kila ramani nyingine kivyake. Hornet ilianza kuuzwa mwaka 2018 ikiwa bado haijakamilika, mifumo ikaongezwa kidogo kidogo. Inayoigwa ni F/A-18C ya Jeshi la Wanamaji la Marekani kama ilivyokuwa katikati ya miaka ya 2000: injini mbili za General Electric F404, rada ya APG-73, na chumba cha rubani ambacho karibu kila swichi inabonyezeka kwa mausi.

Anayetaka kuruka juu ya kisiwa cha Toten au kuifuata Pangani hadi baharini asinunue kabisa. DCS haina ramani ya Afrika Mashariki. Bara letu limo kidogo tu, kwenye ramani ya Sinai yenye sehemu ya Misri. Microsoft Flight Simulator ina dunia nzima, Tanga ikiwemo, na ina F/A-18E, lakini ndege ile haina silaha. Uamuzi ni wako.

Kompyuta kwanza

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Chukua Su-25T ya bure, ipitishe chini chini juu ya mji wa Batumi kwenye ramani ya Caucasus, zunguka hapo dakika kumi. Kama picha inagandaganda, kwenye Hornet itagandaganda zaidi, maana ndege hii ina skrini tatu ndani ya chumba cha rubani, na ukiwasha kamera ya kulengea mchezo unachora dunia mara mbili: ya dirishani na ya kwenye kamera.

RAM ya GB 16 inaendesha misheni ndogo. GB 32 ndiyo inayoleta utulivu kwenye misheni kubwa na seva zenye watu wengi. Uliyekwama kwenye 16, ingia kwenye mipangilio ya Windows uipe faili ya akiba ya kumbukumbu (pagefile) ukubwa maalumu, GB 32 hivi, tena iwe kwenye SSD. Bila hivyo, mchezo hufunga wenyewe katikati ya safari pasipo ujumbe wowote, na mtu anadhani moduli ni mbovu. Diski ya kuzunguka isahau. Majengo yanatokea ukiwa umeshayapita. Tenga nafasi isiyopungua GB 200.

Kwa kadi ya picha, kumbukumbu ya GB 8 ni nzuri. Mwenye GB 6 ashushe picha za ardhi hadi kiwango cha chini, vivuli aviache bapa, maji ya chini, mawingu ya kawaida. Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2023 kuna DLSS na FSR, mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili kupunguzia kadi kazi, na zinasaidia kweli, ila ukizisukuma sana maandishi ya skrini za ndani yanaacha vivuli nyuma yake kila namba inapobadilika. Jambo moja usilibane kwa kuionea huruma kadi: ubora wa skrini za chumba cha rubani. Weka 1024. Ukiweka 512, herufi za DDI (zile skrini za kushoto na kulia) zinakuwa ukungu na hutajua kama umechagua bomu au umelizima. Lile chaguo la kuzichora upya kila fremu liache, linakula nguvu kwa faida ndogo.

Halafu kuna mambo ya pwani. Kompyuta mpakato inayokimbia saa mbili mfululizo kwenye chumba cha Ngamiani mwezi wa pili itapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Weka kikomo cha fremu 60, au hata 45, badala ya kuiachia ipande inavyotaka. Inua nyuma yake vidole viwili hewa ipite. Feni ya mezani ielekee ubavuni mwake. Kwa wanaokaa Raskazone na kote karibu na maji, unyevu wa chumvi unashika mapezi ya feni pamoja na vumbi na kuwa kama ugoro. Safisha kila baada ya miezi mitatu, usisubiri mwaka.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya wastani inakula wati 350 hivi ikiwa kazini, kwa hiyo saa tatu za mchezo ni uniti moja na kidogo ya LUKU. Hiyo si shida. Shida ni kukatika, hasa wakati wa kusasisha. UPS ndogo ya VA 650 hutoa wati 390 hivi, imebanwa mno. Skrini ikiongezwa inalia na kuzima. Tafuta ya VA 1000 au zaidi. Kama umeme umekatika katikati ya kusasisha na mchezo haufunguki, usipakue upya: fungua folda ya bin ndani ya DCS World, endesha dcs_updater kwa amri ya repair, itakagua faili zote na kurudisha zilizoharibika tu. Baada ya kila sasisho kubwa, futa pia folda za fxo na metashaders2 zilizo ndani ya Saved Games\DCS. Mchezo utazitengeneza upya, mara ya kwanza utachelewa kufunguka, kisha ile migando ya ghafla inapungua.

Kupakua mchezo mzima kwa bando la simu ni kujitesa. Njia nafuu ni kunakili folda nzima kutoka kwa mwenzako aliye nayo, kwa SSD ya nje, kisha kuendesha repair ikamilishe kilichopungua. Hakuna wizi hapo: faili ni za bure, leseni inakaa kwenye akaunti yako. Ukishaingia kwenye akaunti unaweza kucheza bila intaneti kwa siku tatu, halafu itataka kukuhakiki tena. Sasisho huwa ni GB kadhaa, mara nyingine zaidi ya kumi, kwa hiyo zima usasishaji wa wenyewe uamue mwenyewe usiku gani uiachie.

Fimbo

Kibodi hairushi Hornet. Inaweza, lakini kutua melini kwa kibodi ni adhabu.

Fimbo za bei ya chini za aina mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi. Logitech Extreme 3D Pro ina vitufe 12 na mkono unaozungushwa kuwa usukani wa mkia. Ndani yake mna potensiometa, yaani kipande kinachosuguana, na katika hewa yetu yenye chumvi husuguka na kupata uchafu upesi. Dalili: ndege inayumba kushoto kulia hukuigusa. Dawa ya kusafishia mianya ya umeme, ile ya mafundi redio, inaitibu kwa muda. Thrustmaster T.16000M inatumia sumaku kwa mhimili wa mbele-nyuma na kushoto-kulia, hakuna kinachosuguana, na kwa Tanga hiyo peke yake ni sababu ya kuongeza hela. Ukiichukua pamoja na throtoli (mkono wa nguvu za injini) yake ya TWCS, jua kwamba reli ya throtoli ile hukaza kwa sababu ya grisi nzito ya kiwandani. Ifungue, futa grisi, paka nyepesi ya silikoni. Kijiti kidogo kilicho kwenye throtoli ndicho utakachokitumia kusogeza alama ya kulengea, na bila kitu kama hicho nusu ya utamu wa Hornet unapotea.

Sasa kosa linaloongoza kuliko yote, ambalo halina uhusiano na fimbo gani umenunua. DCS ikiona kifaa chochote chenye mihimili, inakipa kazi yenyewe. Ukichomeka throtoli, inaweza kuifanya nayo iinue na kushusha pua, sambamba na fimbo. Ndege inaruka huku pua inavutwa juu au chini, mtu anapiga trimu (kurekebisha ndege ikae sawa yenyewe) hadi anachoka. Ingia kwenye Controls, chagua F/A-18C, fungua orodha ya mihimili, angalia safu ya kila kifaa, futa kila kisichotakiwa. Pitch (pua juu na chini) na roll (kuinama kushoto na kulia) zibaki kwenye fimbo peke yake; rudder (usukani wa mkia) kwenye mkono au pedali; thrust (nguvu za injini) kwenye throtoli. Rudia kwa kila ndege utakayoongeza, maana mipangilio haihami. Mkunjo (curve, unaopunguza wepesi wa fimbo karibu na katikati) wa 15 hadi 20 kwenye pitch na roll unatosha. Kanda tupu ya katikati iwe 2 au 3, na kwa fimbo iliyochoka 5.

Kuangalia pembeni kwa mausi kunachosha. Programu ya opentrack ni ya bure na inaweza kufuata kichwa chako kwa kamera ya kawaida ya kompyuta, mradi uso una mwanga wa kutosha. Taa iwe mbele yako, si nyuma.

Kuwasha

Hapa ndipo moduli inapoanza kulipa gharama yake. Kuna njia ya mkato, RWin+Home, itakayobonyeza kila kitu kwa niaba yako. Itumie mara moja kuona mambo yanavyokwenda, kisha iache, kwa sababu kuwasha kwa mkono ndiko kunakokufundisha swichi ziko wapi.

Betri ON, kulia. APU, injini ndogo ya kuwashia, ON, kushoto; subiri taa ya kijani. ENG CRANK ielekeze R. Tazama skrini ndogo ya chini kushoto inayoonyesha injini: mzunguko ukishavuka asilimia 10, na wengi husubiri ufike 20 na ushee, peleka throtoli ya kulia kutoka OFF hadi IDLE. Kwenye kibodi ni RShift+Home. Throtoli yako ya plastiki kuivuta nyuma kabisa haitoshi, na hapo ndipo wengi hukaa dakika tano wakishangaa kwa nini injini haishiki. Injini ikitulia kwenye asilimia 60 na kitu, washa skrini zote, zungusha kitufe cha BLEED AIR duara zima kutoka NORM hadi NORM tena, kisha washa ya kushoto kwa mtindo uleule, RAlt+Home. APU itazima yenyewe.

Mfumo wa kujua ndege iko wapi, INS, unataka ndege isitikisike. Breki ya kuegesha iwe imefungwa, kitufe kiwe GND ukiwa nchi kavu au CV ukiwa melini. Kwenye skrini ya HSI, ile ya mwelekeo wa ndege, bonyeza STD HDG, na muda wa kusubiri unapungua sana. Ukiona OK, peleka kitufe hicho cha INS kwenye IFA, hali ya safarini. Ukiondoka kabla ya OK, ramani yako itakuwa imehama, na mabomu yanayoongozwa kwa satelaiti yatakuwa na mashaka. Wakati unasubiri: rada OPR, oksijeni ON, bonyeza FCS RESET mpaka alama za X zipungue kwenye ukurasa wa FCS (mfumo unaoendesha mabawa na mkia), flapu HALF, kitufe cha trimu ya kupaa, kiti kiwe kimetayarishwa. Mabawa yakiwa yamekunjwa, X za ncha za mabawa hazitaondoka hata ubonyeze hadi kesho, yafungue kwanza.

Misheni za mafunzo zilizomo zinakupitisha yote haya kwa sauti, kwa Kiingereza, na kitabu cha PDF kimo ndani ya folda ya moduli. Kiswahili hakuna. Ni pungufu, ingawa maneno ya kwenye swichi ni yaleyale kwa kila mtu.

Angani

Magurudumu yakiwa juu na flapu AUTO, kompyuta ya ndege inajipangia trimu. Hugusi kitu, unaelekeza pua, inakaa. Ukishusha magurudumu na flapu, tabia inageuka: trimu sasa inaamua pembe ambayo mabawa yanakutana na hewa. Asiyelijua hili huvuta fimbo wakati wote wa kutua na kugonga. Anayelijua anapiga trimu hadi pembe ifike 8.1, taa ya duara ya manjano inawaka pembeni ya kioo, kisha anapanda na kushuka kwa throtoli peke yake. Alama ya kijani inasema uko polepole mno, nyekundu unakimbia.

Ukomo wa mvuto (G) ni mara 7.5 ya uzito wa kawaida, na kuna kijiti cha kuuvuka. F-16C inafika 9 na inaongeza kasi kwa haraka kuliko Hornet, hilo halina ubishi. Katika vita vya kufukuzana kwa kasi kubwa, F-16 ina haki yake. Hornet inashinda pale kasi inapokuwa ndogo: pua inageuka hata ndege ikiwa imechoka, haikutupi kwa urahisi. Kwa anayejifunza, huruma hiyo ni ya maana kuliko kasi.

Kwa makombora ya angani, jambo la kwanza linalowasumbua watu si kombora bali rada. Haioni adui kwa sababu antena inatazama juu au chini mno. Sogeza alama ya TDC, ile ya kulengea, hadi umbali unaomtarajia adui: namba mbili pembeni yake zinaonyesha, kwa maelfu ya futi, eneo la chini na la juu linalotazamwa katika umbali huo. Adui yuko futi 25,000 na namba zinasema 31 na 42? Shusha antena. Pia punguza upana wa kuchungulia kutoka digrii 140 hadi 60 au 40, rada irudi mahali pale haraka.

AIM-120 huchaguliwa kwa kusukuma swichi ya silaha kulia, AIM-7 mbele, AIM-9 kuibonyeza, bunduki nyuma. Yote manne hufyatuliwa kwa kifyatulio cha bunduki. Waliotoka F-16 hubonyeza kitufe cha mabomu, kimya, halafu wanaandika kwamba kombora ni bovu. Na usirushe ukiwa chini. Kombora lililotoka futi 30,000 ndege ikikimbia lina masafa makubwa mno kuliko lililotoka futi 5,000, ambako hewa nzito inalimaliza nguvu kabla halijafika.

Kwa ardhini, GBU-38, bomu linaloongozwa kwa satelaiti, inatosha kuonyesha mtiririko wote. MASTER ARM (swichi kuu ya silaha) iwe ARM, modi ya A/G (kupiga ardhini), ukurasa wa STORES, chagua J-82 (ndivyo ndege inavyoliita bomu hilo). Weka EFUZ (kilipushi cha bomu) kuwa INST; hiki ndicho kinachosahaulika, na ukikisahau jina la bomu litabaki na alama ya X juu yake. MODE iwe TOO, shabaha unayoichagua ukiwa angani. Subiri mpangilio wa bomu usome GOOD. Kwenye kamera ya kulengea sogeza msalaba juu ya shabaha, bonyeza TDC, elekea huko, na ukiingia katika masafa shikilia kitufe cha kuachia. Shikilia, kugusa na kuachia hakutoi bomu. Ukitumia PP (shabaha iliyopangwa mapema) badala ya TOO na kuandika viwianishi vya mahali kwa mkono, andika na mwinuko wa shabaha. Ukiacha sifuri kwenye kilima cha futi 2,000, bomu linalenga sehemu iliyo chini ya ardhi na kupiga kabla ya kuifikia shabaha.

GBU-12 ya leza inataka namba mbili za msimbo zikubaliane: ya bomu na ya taa ya leza. Ya kawaida ni 1688. Kisha swichi ya leza, LTD/R, iwe ARM. Bomu likianguka bila kujali shabaha, angalia hapo kwanza kabla ya kuandika malalamiko.

Melini

Meli ya kubeba ndege CVN-74 Stennis imo bure. Ile ya kina zaidi, Supercarrier, inauzwa kivyake na haihitajiki mwanzoni. Kabla ya kurushwa weka trimu kwa uzito: digrii 16 hadi pauni 44,000, 17 kwa 45,000 mpaka 48,000, 19 kuanzia 49,000. Wakati wa kurushwa mkono usiwe kwenye fimbo. Kompyuta ya ndege inainua pua yenyewe, ukivuta, unaivuruga.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Kwanza uzito: usizidi pauni 34,000. Tupa mafuta yaliyozidi, na mabomu kama yapo. Unapita ubavu wa kulia wa meli futi 800, noti 350, ndoano ya kunasa waya wa meli chini. Unakata kushoto. Kasi ikishuka chini ya 250, magurudumu na flapu FULL, na unashuka futi 600 ukirudi nyuma sambamba na meli, umbali wa maili ya baharini moja na robo hivi. Hapo maliza trimu kabla ya kugeuka. Hili ndilo linalowaangusha: wanageuka huku ndege bado haijatulia kwenye 8.1, kisha wanapigana na fimbo mpaka mwisho. Ukigeuka kwa mlalo wa digrii 27 hadi 30 na trimu imekaa, kazi inayobaki ni throtoli na mstari.

Sitaha ya kutulia imekaa mshazari, karibu digrii 9 kushoto ya mwelekeo wa meli, na meli inakwenda mbele. Kwa hiyo sehemu unayoilenga inakimbilia kulia kila sekunde. Marekebisho madogo ya kulia, mfululizo. Taa ya kuongozea, ile ya manjano kati ya taa za kijani, ikipanda punguza nguvu kidogo kisha rudisha. Ikishuka ongeza mara moja. Usiitafute kwa pua. Magurudumu yakigusa, throtoli mbele kabisa hata kama unahisi umenasa, maana ndoano ikikosa waya unahitaji nguvu ya kuondoka tena. Hakuna kuinua pua mwishoni kama unavyofanya kwenye ndege za abiria. Hornet inapigwa chini, ndivyo miguu yake ilivyotengenezwa. Hata uwanja wa nchi kavu tua hivyohivyo.

Kujaza mafuta angani kwa KC-135 ya kikapu au S-3B ni ngumu zaidi ya kutua, na mkunjo mkubwa kwenye fimbo hausaidii. Usitazame kikapu, tazama mkao wa ndege ya mbele.

Kasoro

Sasisho jipya huja na kitu kilichovunjika, mara radio, mara rada, na marekebisho yanaweza kuchukua miezi. Rubani wa ndege ya pembeni yako anayeendeshwa na kompyuta ni mzito wa kuelewa, na mizinga ya ardhini wakati mwingine inalenga kwa usahihi wa kutia shaka. Moduli haina kampeni ya maana ndani yake. Kampeni nzuri zinauzwa kando.

Seva nyingi ziko Ulaya na Marekani. Kutoka Tanga mapambano ya bunduki ya karibu yanachelewa kiasi cha kuudhi, lakini makombora ya mbali na kazi ya mabomu vinakwenda vizuri. Muda unalandana: saa nne usiku yetu, Ulaya ya kati ni saa mbili au saa tatu usiku, watu wamejaa. Wenye kompyuta mbili chumba kimoja waunganishe kwa waya na kufungua seva ya ndani. Kila mmoja lazima awe na akaunti na moduli yake.

Kununua

Nunua kwenye tovuti ya watengenezaji, si Steam, duka la michezo la mtandaoni. Sababu ni majaribio: toleo la tovuti linakupa moduli siku 14 bure, na unaweza kuijaribu tena baada ya miezi sita. Leseni ya Steam unaweza kuihamishia kwenye tovuti baadaye, kinyume chake haiwezekani. Kadi ya mtandaoni ya huduma za pesa za simu inatosha kulipia, ilimradi umeweka kiasi kinachozidi bei kidogo kwa ajili ya makato ya kubadilisha fedha. Punguzo huwa linakuja mara kadhaa kwa mwaka na linaweza kufika nusu bei, kwa hiyo asiye na haraka asilipe 79.99.

Usibonyeze kitufe cha majaribio siku unayopakua. Siku 14 zinaanza kuhesabiwa palepale, na nusu yake inaweza kuishia kwenye kusubiri faili na kupanga vitufe. Kamilisha kwanza Su-25T, hakikisha mihimili imekaa, UPS ipo, GB za sasisho zimeshaingia. Halafu anza, na jioni ya kwanza fanya misheni ya mafunzo ya kuwasha tu.